Majengo: tusiwafukuze vijana wa lavaji, tambara kavu ndilo likome

Wasikilizaji wengi wananiuliza siku hizi kama ni haki vijana waoshe gari katika kartye ambamo mama anaamka saa kumi ya usiku kufuata bidoni moja ya maji. Swali ni zuri. Kuna hata wanaotaka vijana hao waondolewe kabisa kando ya barabara. Mimi siko upande huo. Maji yanapotea na rangi za gari zinaharibika kwa sababu ileile moja, ni namna tunavyoosha, na hiyo inaweza kubadilishwa bila kumnyima mtu kazi.

Tuwajue kwanza. Wengi wao walikimbia vita Rutshuru na Masisi, wakakaa kambini Kanyaruchinya, Bulengo ao Lushagala. Kambi zilipovunjwa Februari 2025, kuna waliorudi kwao na kuna waliobaki katika nyumba za watu hapa kwetu, saba ao nane chumba kimoja. Lavaji haihitaji kapitali kubwa: ndoo, tambara na nguvu za mikono. Ukimfukuza huyo kijana, jioni jamaa yake inalala bila unga.

Mwenye gari naye si tajiri. Gari ya Majengo ni ile Toyota iliyofika hapa ikiwa tayari imetumika miaka mingi Japani ao Dubai. Ndiyo taksi, ndiyo makuta ya masomo ya watoto. Tangu benki zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, ni nani anayewaza kununua ingine? Ile uliyo nayo ndiyo ya kutunza. Rangi ikitoka, kutu inaingia, na fundi wa bodi hapokei deni.

Sasa tuongee juu ya vumbi letu. Hapa hatuishi juu ya udongo wa kawaida, tunaishi juu ya mawe ya Nyiragongo: yale ya 17 Januari 2002 yaliyopita katikati ya mji mpaka ziwani, na yale ya 22 Mei 2021 yaliyosimama Buhene, hapo karibu yetu. Magurudumu yanayasaga kila siku. Vumbi linalotoka humo, pamoja na majivu ambayo volkano inatutupia siku fulani, lina chembe kali kama glasi iliyopondwa. Chukua kidogo katikati ya vidole usugue, utasikia mwenyewe. Verni ya gari ni laini kuliko chembe hizo. Kwa hiyo tambara kavu likipita juu ya kapo yenye vumbi, halipangusi, linapiga msasa. Asubuhi hiyo gari inang'aa. Itazame mchana jua likiipiga kwa pembeni: utaona mikwaruzo midogo ya mviringo, kama utando wa buibui. Mwaka mmoja wa kazi hiyo na gari nyeusi inakuwa ya kijivu. Kiisha tunasema rangi imezeeka. Imesuguliwa tu.

Na hapo wa kwanza kulaumiwa ni mteja. Anasimama, injini inawaka, anasema "fanya haraka, papa, dakika tano". Dakika tano ni za tambara kavu. Gari ndogo ikioshwa vizuri inataka nusu saa, na bidoni moja ya lita 20 inatosha, ikiwa kijana anajua kuigawanya.

Anatia maji katika chupa ya plastiki yenye matundu kwenye kifuniko, anamwagia gari kuanzia juu ya paa, bila kugusa na mkono. Vumbi lishuke lenyewe. Hapo lita 7 ao 8 zinakwenda. Kiisha anatumia ndoo mbili ndogo, moja ya sabuni, ingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila mara, sababu mchanga unaobaki kwenye kitambaa ndio unaorudi kukwaruza. Anatoka juu kwenda chini, sehemu kwa sehemu. Magurudumu ni ya mwisho, na kitambaa chao kiwe kingine. Gari iwe kivulini na kapo iwe imepoa. Maji yanayobaki ni ya kusuuza, halafu inapanguswa na kitambaa laini mpaka ikauke. Kukausha si urembo. Maji ya robine zetu yanapampiwa kutoka Ziwa Kivu, ambalo lina madini mengi. Yakikaukia kwenye bati la moto yanaacha madoa meupe ambayo kesho hayatoki.

Sabuni ya unga ya kufulia, hapana. Inakata mafuta ya nguo, na vilevile inakata nta iliyokuwa inalinda rangi. Sabuni ya maji kidogo tu ni afadhali, na ile ya gari ni bora kama mfuko unaruhusu. Mazutu nayo, ambayo watu wanapaka ili gari ing'ae, inakula mipira ya milango, na kabla hujafika Birere imeshika vumbi lote la njiani. (Dawa ya viatu kwenye bampa nyeusi sitaisema sana. Inapendeza mpaka mvua ya kwanza, halafu inapendeza kwenye suruali yako.)

Polishi na nta ni vitu viwili, hata wauzaji wanavichanganya. Polishi inakwangua: inaondoa tabaka jembamba la juu ili mikwaruzo ipotee. Gari ya zamani haina tabaka nyingi za kutoa, kwa hiyo polishi mara moja kwa mwaka inatosha, tena kwa mkono mwepesi. Ikiwa verni imeshaanza kubanduka kama ngozi, hakuna polishi itakayoirudisha. Usitupe makuta yako, ni kazi ya fundi wa rangi. Nta haikwangui, inafunika. Ipake kila miezi miwili ao mitatu, juu ya gari safi na kavu. Mvua ikinyesha na maji yanasimama juu ya kapo kama shanga, nta bado ipo. Yakitandaa, imekwisha. Moshi wa volkano unaifanya mvua yetu iwe na asidi. Anayebisha aende atazame kutu ya mabati katika vijiji vya huko juu.

Ukiona jiwe limebandua rangi mpaka bati linaonekana, usingoje. Kwangua kutu na msasa mwembamba, paka dawa ya kuzuia kutu, kiisha tone la rangi. Vitundu vya chini ya milango vizibuliwe matope, maana milango mingi inaozea humo ndani.

Narudi kwa wamama wa robine. Nawapa haki yote. Mji huu hauna mto, mvua inamezwa na mawe, na baada ya lava ya 2021 kuharibu mabomba tulijifunza robine kavu ni nini. Mwaka 1994 Goma ilizika maelfu ya watu waliouawa na kolera. Maji ya robine ya kartye yanywewe na yapikiwe. Lavaji isifanyike karibu na robine, mafuta na matope yake yasitiririke mahali bidoni zinapowekwa, na kijana asisimame kwenye mstari na bidoni za gari wakati watu bado wanangoja ya kunywa.

Maji ya kuoshea yatoke wapi basi? Kwenye mabati yetu. Mvua iliyopita katika moshi wa volkano ina fluori, inayoharibu meno ya watoto, na hatuipendi kwa kunywa. Kwa gari inafaa, mradi ikaushwe. Chuja majani, ingojee mchanga utue chini ya pipa. Mvua kubwa zinarudi Septemba. Mwenye nyumba aliye na pipa tupu azungumze na kijana wa lavaji wa avenyu yake bei ya bidoni moja kabla ya hapo, na mwenye gari aongeze kidogo juu ya bei ya kuosha, sababu nusu saa si dakika tano.