Msaada Usio na Fundi ni Chuma Chakavu



Wengi wetu tukisikia neno "mnada" tunashtuka. Mnada tunaoufahamu ni ule wa dalali anayekuja na karatasi ya mahakama, akatoa uani kitanda na cherehani ya mwenzetu, akaviuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ya deni. Lakini upo pia mnada wa furaha, ule wa siku ya harambee kanisani au shuleni, ambapo kuku mmoja huuzwa mara tano na jioni bado yu hai, maana kila anayemnunua humrudisha auzwe tena.

Makala haya yanahusu mnada wa namna hii ya pili. Hufanyika Uingereza, mbali nasi, na bidhaa zake ni glavu, buti, kofia za chuma na mavazi ya ngozi ya wapanda pikipiki wa mashindano. Huenda msomaji akauliza mchuma chai ana shauri gani na glavu kuukuu za watu wa Ulaya. Asome mpaka mwisho, kwani fedha za glavu hizo zilikuja Afrika, na namna zilivyotumika inatuhusu sisi tunaoshinda kutwa na mashine.

Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe. Anaitwa Randy Mamola, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1959 San Jose, California. Alishindana katika daraja la pikipiki za cc 500, ambalo wakati ule lilikuwa daraja la juu kabisa duniani. Alishinda mashindano 13 ya Grand Prix katika daraja hilo. Mara nne, yaani 1980, 1981, 1984 na 1987, alimaliza mwaka akiwa wa pili duniani, na ubingwa hakuupata hata mara moja. Mwaka 1985, huko Misano, Italia, pikipiki ilimrusha kutoka kwenye kiti. Akaning'inia ubavuni mwake ikiwa bado inakimbia, kisha akajirudisha juu bila kuanguka. Watu walimpenda kwa ushupavu huo kuliko walivyowapenda baadhi ya mabingwa. Alistaafu mwaka 1992.

Katika miaka ya 1980, akiwa bado anashindana, Mamola alishirikiana na mwandishi wa habari Mwingereza, Barry Coleman, pamoja na Andrea Coleman, mkewe, ambaye naye aliwahi kushindana kwa pikipiki. Walikusanya fedha kwa wapenzi wa mchezo huo ili kulisaidia shirika la watoto la Save the Children. Mwaka 1988 Mamola na Barry Coleman wakaenda Somalia kujionea kazi inayofanywa. Wakakuta pikipiki na magari yaliyotolewa kwa ajili ya afya yamelala, mengine yangali mapya, kwa kukosa vipuri vidogo na mtu aliyefundishwa kuvitia.

Hapo ndipo mtu wa mashindano alipoona kile ambacho watoaji wengi wa misaada hawakukiona. Yeye alijua kuwa pikipiki haifi kwa siku moja. Hufa kidogo kidogo, kwa oili isiyobadilishwa, kwa mnyororo uliolegea, kwa kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Alijua pia kwamba nyuma ya kila mshindi anayepigiwa makofi wapo makanika waliokesha na spana mkononi, ambao picha zao hazitoki magazetini.

Kutokana na safari hiyo likazaliwa shirika la Riders for Health. Lilianza kazi Lesotho mwaka 1991, nchi ya milima ambako vijiji vingi havifikiwi na gari, na likaundwa rasmi mwaka 1996. Baadaye kazi yake ilifika Zimbabwe, Gambia, nchi jirani ya Kenya na kwingineko. Wahudumu wa afya, wanawake kwa wanaume, walifundishwa kuendesha pikipiki katika barabara za mawe na matope. Wengine walipewa kazi ya kubeba makohozi na damu za wagonjwa kutoka zahanati za vijijini hadi maabara, na kurudisha majibu, ili mwenye kifua kikuu au virusi vya Ukimwi asisubiri mpaka akachelewa kutibiwa.

Mnada ulikuwa mmoja wa mifereji ya fedha hizo. Kila mwaka kabla ya Grand Prix ya Uingereza, zamani Donington Park na baadaye Silverstone, huwekwa siku iitwayo Day of Champions. Wapanda pikipiki, wanaoshindana na waliostaafu, hupanda jukwaani na vitu walivyovitumia, na mashabiki hushindana kwa bei. Tangu miaka ya 2010 kazi hiyo ya kukusanya fedha imeendelea chini ya jina la Two Wheels for Life.

Sasa tuje kwenye hoja. Mimi nasema mnada huu unastahili kusifiwa, na sababu yangu ni moja: fedha zake zilipelekwa kwenye matengenezo.

Wenye kutoa misaada hupenda kitu kinachong'aa. Gari jipya hupigwa picha, utepe hukatwa, hotuba husomwa. Hakuna anayekata utepe mbele ya kopo la grisi. Ndiyo maana ukizunguka katika nchi zetu utaona nyuma ya ofisi nyingi magari yaliyoota majani mpaka kwenye usukani, yote yakiwa na maandishi mlangoni ya aliyeyatoa. Riders for Health walikwenda kinyume. Mwendeshaji alifundishwa kukagua pikipiki yake kila siku kabla ya kuiwasha: petroli, oili, mnyororo, nati na breki. Fundi alibadilisha kipuri kwa ratiba, kabla hakijavunjika. Kila kilometa ilipigiwa hesabu ya gharama zake zote, na Wizara ya Afya ikatozwa kwa kilometa, ili fedha ya vipuri iwepo kabla ya haja yake kufika.

Mfanyakazi wa kiwandani anayaelewa haya bila kuhubiriwa. Wanaolisha boila wanajua kuwa saa moja ya kusimamisha mtambo na kuusafisha inaokoa wiki nzima ya kukaa nje bila kazi. Wanajua pia ni nani huumia tajiri akibana fedha ya vipuri: kwanza ni mkono wa mtu aliye karibu na mkanda wa mashine, baadaye ndiyo mfuko wa tajiri. Kwa hiyo maarifa yaliyoyaokoa maisha ya watu kule Lesotho ni maarifa yetu wenyewe, maarifa ya fundi. Tofauti ni kwamba huko yaliaminiwa na kutengewa fedha.

Wapo wenzetu watakaopinga. Watasema: huu ni mchezo wa matajiri. Mtu anatoa kwa glavu kuukuu fedha ambazo mchuma chai hazioni kwa mwezi mzima, kisha tunaambiwa tushukuru. Watauliza pia mbona aproni ya mama aliyechuma majani miaka thelathini haina mnunuzi, ilhali nayo imeloa jasho na imechanika kazini.

Pingamizi hilo lina uzito, wala sitalipuuza. Ni kweli kwamba mnada haupimi kazi, unapima sifa. Ngozi iliyochubuka kwenye lami hupanda bei kwa sababu aliyeivaa anajulikana, na aproni ya mstaafu wetu haipandi kwa sababu hakuna aliyempiga picha. Dunia iliyopangwa hivyo haijapangwa kwa haki. Lakini maadamu sifa ya mtu ina bei, ni afadhali bei hiyo inunue oili ya pikipiki ya muuguzi kuliko kubaki kabatini. Mamola na wenzake waligeuza sifa kuwa spana. Anayewalaumu kwa hilo atuonyeshe yeye amegeuza nini.

Hata hivyo, kusifu ni jambo moja na kutegemea ni jambo jingine. Mnada una udhaifu wake wa asili. Hutegemea jina, na jina la mstaafu hupoa; kijana wa leo hamjui aliyeshinda mwaka 1984. Hutegemea pia kwamba mashabiki wana akiba, na mwaka wa hali ngumu akiba hiyo haipo. Glavu huuzwa mara moja tu. Oili inahitajika kila mwezi, na mtoto mwenye homa hangoji msimu wa mashindano. Basi zahanati ikitegemea mnada peke yake, uhai wa watu unategemea kama mtu asiyewajua amependezwa siku hiyo. Kitu cha lazima hakiwekwi juu ya hiari ya mtu. Lazima kiwe kwenye bajeti ya Serikali, na kwenye mashamba na viwanda kiwe kwenye mkataba kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Hisani ifungue njia. Haki ndiyo iitunze.

Kwa sababu hiyo nawashauri viongozi wa matawi, kila mnapoletewa zawadi ya gari la wagonjwa, pikipiki ya zahanati, jenereta au pampu ya maji, iwe imetoka kwa mfadhili au kwa mwajiri, msikimbilie kupiga makofi. Ulizeni kwanza maswali manne, na majibu yake yaandikwe.

La kwanza, nani atakitengeneza, na je, amefundishwa? La pili, fedha ya vipuri na mafuta itatoka fungu gani, na kwa miaka mingapi? La tatu, daftari la matengenezo litawekwa wapi, na je, mjumbe wa wafanyakazi ana ruhusa ya kulifungua? La nne, kikiharibika leo usiku, mgonjwa atasafirishwa na nini?

Mfadhili wa kweli hataudhika kwa maswali haya. Atakayeudhika alikuja kupigwa picha.

Tena yafaa tuanze na vyetu. Mashamba mengi yana gari la wagonjwa linalotajwa katika mkataba, lakini mkataba hausemi lolote juu ya kulitunza. Matokeo yake gari lipo kwenye karatasi, na mama mwenye uchungu wa uzazi anapakiwa kwenye trela la trekta juu ya magunia. Safari ijayo mtakapokaa mezani kujadili mkataba, dai la ratiba ya matengenezo liwe pamoja na dai la mshahara. Si dai dogo. Gari lisilowaka ni sawa na gari ambalo hatukupewa, na tofauti yake ni kwamba lisilowaka humpa mwajiri kisingizio.

Na tusiwasahau makanika wetu. Katika viwanda vingi fundi wa matengenezo hukumbukwa siku mtambo ukisimama, na siku nyingine zote ukizunguka vizuri huonekana kama mtu asiye na kazi. Hilo ni kosa kubwa. Mtambo unaozunguka vizuri ndio ushahidi wa kazi yake. Apewe daraja lake, mshahara wake na vifaa vyake vya kujikinga.

Mwisho, tuwape heshima yao wale waliovua glavu zao na kuzitoa ili mtu wasiyemjua, katika kijiji wasichokijua, afikiwe na dawa. Wametimiza upande wao. Upande wetu ni kuhakikisha kwamba siku mnada utakapokosa wanunuzi, pikipiki ya muuguzi itaendelea kuwaka kwa sababu oili yake imeandikwa kwenye bajeti, na fundi wake analipwa.

Umoja ni nguvu.