Kisiwa Kiitwacho Garissa na Mabasi Yake Makongwe

Tarehe 28 Aprili 2024, mkesha wa siku ambayo shule za Kenya zilitarajiwa kufunguliwa kwa muhula wa pili, mashua iliyojaa watu ilizama katika maji ya mafuriko pale Kona Punda, kati ya Madogo na Mororo, na roho zikapotea. Mashua hiyo ilikuwa ikivusha watu mahali ambapo siku za kawaida hupita magari. Wiki tatu hivi kabla ya hapo, basi lililobeba abiria 51 lilikuwa limesombwa na maji huko Tula, kwenye barabara iyo hiyo ya Nairobi, nao abiria wakaokolewa wote kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Serikali iliahirisha kufunguliwa kwa shule, kwanza kwa juma moja, kisha hadi tarehe 13 Mei.

Garissa haimo baharini, lakini mto Tana unapofura mji huu hugeuka kisiwa. Ulikuwa kisiwa mwezi Novemba 2023, na ulikuwa kisiwa wakati wa mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997. Barabara ya kwenda Nairobi, ya takriban kilomita 370, ndiyo ushikio wake na nchi nyingine, na juu ya barabara hiyo kinachotembea kwa ajili ya mwananchi wa kawaida ni basi. Reli haijafika, na ndege si ya mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo anayetaka kuijua hali ya elimu ya Kaskazini Mashariki asianzie kwenye matokeo ya mitihani. Aanzie kwenye kituo cha mabasi.

Mabasi yenyewe mengi ni makongwe. Bodi zake huundwa hapa hapa nchini juu ya chesisi za malori, na ndiyo sababu yanasimama juu mno kutoka ardhini na kuwatikisa abiria kama mahindi kwenye ungo. Wageni huyacheka. Ila basi la kisasa lenye tumbo linaloburura chini, ukilipeleka Wajir wakati wa mvua, litabaki kwenye tope hadi jua litakapolikausha, ilhali gari hili kuukuu linaweza kufunguliwa kando ya njia na fundi mwenye spana tatu na waya, likatengenezwa na likaendelea. Kwa hivyo siungani na wanaodai kwamba dawa ni kuyapiga marufuku yote kwa siku moja.

Katika kisiwa cha Malta yalikuwako mabasi yanayofanana na haya kwa asili: bodi zilizoundwa na mafundi wa kwao, na mengi yakimilikiwa na madereva wenyewe. Watalii waliyapiga picha mno. Julai 2011 serikali yao iliyaondoa yote barabarani na kuikabidhi kazi kampuni ya kigeni ya Arriva. Miaka mitatu haikutimia: mabasi marefu yaliyoletwa hayakuzifaa njia nyembamba za kisiwa, kadhaa yakashika moto mwaka 2013, na kufikia Januari 2014 kampuni ilikuwa imekwisha kufunga virago na serikali kuubeba mzigo yenyewe. Tofauti ni kwamba Malta ilikuwa ikilibadilisha basi la umma kwa basi jingine la umma. Garissa haijawahi kuwa nalo hata moja la kulibadilisha.

Na si kwa bahati mbaya. Nairobi ilipata huduma ya mabasi ya Kenya Bus tangu mwaka 1934, na baraza la jiji likaja kuwa na hisa ndani yake. Wakati huo eneo hili, likiitwa Northern Frontier District, lilitawaliwa kwa sheria zilizolifunga: hapakuingiwa wala kutokwa ila kwa ruhusa. Uhuru ukaja mwaka 1963, na pamoja nao hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kule zilikotarajiwa kuzaa faida upesi, yaani kwenye mvua na udongo mzuri. Mahali ambapo dola iliona kila msafiri kuwa ni wa kushukiwa, nani angefikiria kumwekea msafiri huyo basi? Shirika la Nyayo, lililoanzishwa mwaka 1986 ili serikali iwe na mabasi yake, lenyewe lilikuwa limeporomoka kufikia katikati ya miaka ya 1990.

Basi, kazi ya umma ikafanywa na mfanyabiashara. Simlaumu, bila yeye tusingefika. Lakini mfanyabiashara hana wajibu wa kuondoka siku isiyo na abiria, wala wa kumsubiri mwanafunzi ambaye nauli imepanda maradufu wiki ya kufungua shule.

Gharama ya upungufu huu tumeilipa kwa damu. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo makwao. Wenzao wengi hawakurudi tena madarasani. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, walio wengi wakiwa wanafunzi. Na mnamo Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, tume ya kuajiri walimu iliwahamisha wasio wenyeji, na shule zikabaki na madawati. Hata hivyo ilikuwa ndani ya basi, karibu na El Wak, tarehe 21 Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo kwa kukataa, akafariki Januari 2016. Watu waliokaa bega kwa bega juu ya viti vilivyochakaa walifanya kile ambacho askari hawakuwapo kukifanya.

Sasa Katiba ya 2010 iko wazi. Jedwali lake la Nne linaipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, na pia feri. Yaani basi na mashua, vyote viwili. Ugumu ni kwamba daraja la Garissa linaunganisha kaunti mbili: ukivuka tu umeingia Tana River, na mashua ya Kona Punda ilizama upande huo, huku shughuli za wengi wa wavukaji zikiwa Garissa. Wanasiasa wa pande zote mbili hugombania mpaka huo kwa ukali kiangazi, na mafuriko yakija kila mmoja humwachia mwenzake. Nao kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda mamlaka ya pamoja. Sioni kwa nini Garissa na Tana River zisiwe na mamlaka moja ya kivuko, yenye mashua zilizokaguliwa na maboya ya kutosha, na mkataba na wenye mabasi kwa siku za kufungua na kufunga shule: idadi maalumu ya magari, nauli iliyotangazwa mapema, ulinzi uliopangwa. Hakuna haja ya kununua mabasi mapya ya kuzinduliwa kwa utepe.

Muda wenyewe si mwingi. Barabara ya lami inayojengwa kutoka Isiolo kupitia Modogashe na Wajir hadi Mandera, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2020, haipiti Garissa. Itakapokamilika, wenye mabasi ya Wajir na Mandera watapima mafuta na matairi yao, na wengi watageukia Isiolo. Wale watakaobaki kuihudumia Garissa watakuwa wachache, na magari watakayoyaacha kwenye njia hii yatakuwa yale ambayo Isiolo imeyakataa. Mwalimu aliyepangiwa Balambala au Dadaab atakuwa ndiye abiria wake.