Port Adelaide 2021: Tuliambiwa Mapema, Hatukusikia

Leo naomba mnivumilie. Najua wapo wanaosubiri niseme neno kuhusu Simba na Yanga, lakini hayo nayaandika kazini kila wiki na yanalipiwa. Leo nataka kuandika juu ya timu yangu nyingine, ambayo hainilipi kitu na imenitesa kuliko zote. Inaitwa Port Adelaide, iko Australia ya Kusini, na mchezo wenyewe si soka hili letu.

Kilichonichokoza ni mjadala juu ya kocha Ken Hinkley. Mwaka 2025 alimaliza kazi yake baada ya misimu 13, akampisha msaidizi wake Josh Carr. Kuna mashabiki wanaosema alionewa, kwamba alikosa bahati tu. Kuna wanaosema alikaa mno. Mimi niko kundi la pili, na ushahidi wangu ni msimu mmoja, ule wa 2021. Ndio msimu niliouona wa kwanza hadi wa mwisho, nikiwa bado mwanafunzi chuoni, nikiufuatilia kwenye simu kwa bando la kuungaunga.

Kwa asiyejua mchezo, nieleze haraka. Uwanja ni wa duara la yai, wachezaji 18 kila upande, na unaruhusiwa kushika mpira kwa mikono ila huruhusiwi kuurusha. Unaupiga teke au unaupiga ngumi. Golini kuna nguzo nne. Ukiupitisha kwa teke kati ya zile mbili ndefu za katikati unapata pointi 6, ukipita pembeni unapata pointi 1 ya kufutia machozi. Mechi ina robo nne. Ndio maana matokeo yao ni makubwa kama ya mpira wa kikapu. Mwaka ule, ligi ikiisha, timu nane za juu ziliingia kwenye mtoano. Nne za kwanza zilipewa upendeleo: ukipoteza mechi ya kwanza huondoki, unapata nafasi ya pili. Ya tano mpaka ya nane ukipoteza mara moja unafungasha.

Mnaniuliza nilifikaje huko. Nilifika kwa njia ya Kakuma. Nilikuwa nasoma habari za ile kambi ya wakimbizi kule Turkana, Kenya, kwa ajili ya kazi ya darasani, nikakutana na jina la Aliir Aliir. Wazazi wake ni watu wa Sudan Kusini waliokimbia vita, naye akazaliwa Kakuma mwaka 1994. Wakahamia Australia akiwa mtoto. Huko akajifunza mchezo ambao Kakuma hakuna aliyewahi kuusikia, akachukuliwa na Sydney mwaka 2013, na mwishoni mwa 2020 akahamia Port Adelaide. Nikasema huyu ni wa huku kwetu, acha nimwangalie. Kumbe ndio nimeolewa na timu nzima.

Na timu yenyewe ina historia ya kukuvuta. Ilianzishwa mwaka 1870 kwenye mtaa wa bandari, ina makombe 36 ya ligi ya jimbo lake, ikaingia ligi kuu ya AFL mwaka 1997. Wana watani wao wa mji mmoja, Adelaide Crows, na hapo mtu wa Kariakoo hahitaji kufafanuliwa. Lakini katika AFL walikuwa na kombe moja tu, la mwaka 2004. Mwaka 2007 walifika fainali wakafungwa na Geelong kwa tofauti ya pointi 119, ambayo ni rekodi ya fainali. Kwa hiyo ukiwa shabiki wa Port unakula kiburi cha zamani na aibu ya jana kwenye sahani moja.

Sasa tuje 2021. Mwaka 2020 Port waliongoza msimamo, wakatolewa na Richmond kwenye nusu fainali kwa pointi 6, yaani teke moja. Kila mtu akasema mwaka unaofuata ni wetu. Na msimu ulivyokwenda ungeamini. Walishinda mechi 17, wakapoteza 5, wakamaliza wa pili. Hapo kumbuka vijana wawili muhimu, Zak Butters na Xavier Duursma, walikaa nje muda mrefu kwa majeraha. Ollie Wines alicheza mpira wa maisha yake, na baadaye akabeba medali ya Brownlow kwa kura 36, zilizofikia rekodi ya wakati huo, mchezaji wa kwanza wa Port kuipata. Aliir naye akaingia kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima. Ukimwona anavyopaa kudaka mpira uliokusudiwa mtu mwingine unajiuliza huyu alikuwa anafichwa wapi.

Lakini ngoja. Zichambue zile mechi 5 walizopoteza. Moja ni dhidi ya West Coast, tuiache. Nyingine nne ni dhidi ya Brisbane, Western Bulldogs, Geelong na Melbourne. Sasa tazama tano bora za msimu ulipoisha: Melbourne, Port, Geelong, Brisbane, Bulldogs. Yaani kila timu nyingine katika tano bora ilikuwa imetufunga. Na tatu kati ya hizo nne zilitufunga pale pale Adelaide Oval, nyumbani, mbele ya watu wetu walionyanyua skafu juu wakiimba "Never Tear Us Apart" kama wanavyofanya kabla ya mechi za nyumbani tangu 2014.

Nilipowaonyesha rafiki zangu wa mtandaoni hesabu hiyo, wale wa Adelaide, wakanijibu kwamba kwenye mtoano ni mambo mengine. Nikakubali. Hapo ndipo kosa langu, maana mimi ndiye niliyekuwa na karatasi mkononi. Mtu anaweza kuwa na ukweli mfukoni akaamua kuukalia kwa sababu anataka kufurahi.

Mechi ya mwisho ya ligi, Ijumaa ya tarehe 20 Agosti, Port walicheza na Western Bulldogs kule Melbourne wakashinda kwa pointi 2. Pointi mbili tu. Ushindi ule ulitupandisha nafasi ya pili, na ukawasukuma Bulldogs mpaka ya tano, nje ya zile nne zenye upendeleo. Bulldogs walikuwa wamepoteza mechi tatu mfululizo, wanaonekana kama timu inayotafuta mahali pa kulala. Tulicheka. Mimi nilicheka sana, nakiri.

Wiki iliyofuata tukawapiga Geelong 86 kwa 43, mara mbili kamili, tena nyumbani. Tukaingia nusu fainali moja kwa moja tukiwa na siku 15 za kupumzika, na mechi yenyewe itachezwa nyumbani tena. Hivi unataka nini zaidi?

Wakati sisi tumelala, Bulldogs walikuwa barabarani. Jiji lao la Melbourne lilikuwa limefungwa kwa sababu ya Covid, hakuna mechi ya mtoano iliyochezwa huko. Wakaenda Launceston, kisiwani Tasmania, wakawatoa Essendon. Wakapanda mpaka Brisbane, wakashinda kwa pointi moja, 79 kwa 78, na pointi yenyewe ilikuwa ile ya pembeni, ya Laitham Vandermeer. Halafu ndio waje Adelaide. Timu isiyolala kwake, ambayo kupoteza mara moja tu ni kwisha. Wachambuzi wengi waliwaonea huruma. Hakuna aliyewaza kwamba sisi ndio tuliowapeleka kwenye njia ile kwa ushindi wetu wa pointi 2, na kwamba njia ile ilikuwa inawanoa.

Jumamosi ya tarehe 11 Septemba 2021. Kule ni usiku, kwetu ni mchana. Nilikuwa nimekaa kitandani hosteli, chumba kina watu wanne, mmoja anapiga pasi, mwingine anakaanga mayai kwenye jiko la umeme ambalo haliruhusiwi. Nimeshika simu. Nikawaambia jamani leo msinisemeshe.

Robo ya kwanza haikuisha kabla mechi haijaisha. Bulldogs walikuwa wanaingiza magoli kama watu wanaopakua chakula. Katikati ya uwanja Bontempelli na Liberatore walikuwa wanaufikia kila mpira kwanza, na watu wetu wanafika wa pili wakiwa na sura ya mtu aliyekosa daladala. Bailey Smith, kijana wa nywele ndefu, akafunga magoli manne peke yake. Mapumziko yalipofika nikazima simu, nikajidanganya kwamba natunza bando. Yule wa mayai akauliza, "Vipi, kaka, timu yako imeshinda?" Nikamwambia bado.

Matokeo ya mwisho ni 116 kwa 45. Tofauti ya pointi 71, nyumbani, nusu fainali.

Sasa ndugu zangu wa "bahati mbaya", naomba mniambie bahati iko wapi hapo. Mwaka 2014 Port walipotolewa na Hawthorn kwenye hatua hiyohiyo kwa pointi 3, nakubali, hiyo ni bahati. Mwaka 2020 pointi 6, nakubali kwa shingo upande. Lakini 71 si bahati. Na Bulldogs hawakuwa miungu. Wiki mbili baadaye, fainali ilipochezwa Perth, Melbourne waliwafunga 140 kwa 66 na kuchukua kombe lao la kwanza tangu 1964. Maana yake hata kama tungewapita Bulldogs, kulikuwa na mtu mwingine anatusubiri, yuleyule aliyekwishatufunga nyumbani kwetu.

Hoja yangu ni kwamba timu ya 2021 iliundwa kushinda mechi nyingi. Kuna tofauti kati ya hilo na kushinda mechi kubwa. Ilijua kukimbia mbele kwa wingi pale mpinzani anapolegea, na kwa wapinzani wengi wa ligi hiyo inatosha. Ikikutana na watu wasiolegea, wanaong'ang'ania mpira chini kwenye matope, haikuwa na jibu la pili. Hilo ni jambo la kocha. Mchezaji anacheza alivyofundishwa, na kocha alikuwa amepewa mechi nne za kuonyesha kwamba ameliona tatizo.

Ningekuwa na kura pale klabuni, Hinkley angeondoka Septemba ile, kwa heshima zote na picha ya ukutani. Najua nitaambiwa nina roho mbaya. Ni mtu aliyeikuta klabu iko hoi mwaka 2013 akaisimamisha, wachezaji walimpenda, na hilo si dogo. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2023 walishinda mechi 13 mfululizo, rekodi ya klabu, akaongezewa mkataba wa miaka miwili kabla hata mtoano haujaanza. Mtoano ulipoanza wakafungwa na Brisbane, wakafungwa na GWS, kwaheri. Mwaka 2024 wakamaliza wa pili tena, wakafungwa na Geelong nyumbani kwa pointi 84, wakaponea kwa Hawthorn kwa pointi 3, wakaishia nusu fainali mikononi mwa Sydney. Ni filamu ya 2021 ikirudiwa na waigizaji wachache waliobadilishwa. Misimu 13, nusu fainali nne, fainali hakuna.

Kuna shabiki mmoja wa huko, mzee wa makamo, tuliyekuwa tukiandikiana sana. Yeye alikuwa mtetezi mkubwa wa Hinkley. Aliniambia wewe kijana umeanza juzi, hujui tulikotoka, hujui miaka ambayo viti vya uwanja vilikuwa vitupu. Ni kweli, sijui. Mimi niliingia kwa mlango wa Kakuma, nikakuta nyumba ina taa. Lakini nadhani huko ndiko kulikowaponza wengi wao. Mtu aliyekaa gizani muda mrefu, ukimwashia kibatari hawezi kukuuliza kwa nini si umeme.

Kinachoniuma zaidi ni hao waliokuwa kwenye ubora wao mwaka ule. Wines na kura zake 36. Robbie Gray, ambaye alistaafu mwaka uliofuata bila kombe la AFL. Travis Boak, aliyecheza ile fainali ya 2007 na kukaa mpaka 2025, naye vilevile. Aliir alikuwa na miaka 27 tu, mwili uko kamili, anadaka kila kitu. Msimu kama ule wa kwake haurudi kwa kuagizwa.

Siku ya pili, Jumapili, nilifungua simu nikarudia mechi ile yote, robo nne. Sijui kwa nini. Yule jamaa wa mayai akaja akakaa kando yangu, akaangalia kama dakika kumi, akasema, "Hawa weupe na wekundu wanacheza vizuri sana, ndio timu yako?" Hao ni Bulldogs. Nikamwambia ndiyo.