Kanuni Isiyotoka Daftarini

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujaanza maswali ya mada ya mwendo, nataka nikukirie kosa langu.

Mwaka mmoja nilikwenda Moshi kwenye mbio za Kilimanjaro Marathon. Mwanafunzi wangu wa Kidato cha Nne alikuwa anakimbia kilomita 21 kwa mara ya kwanza. Nilisimama kwenye kivuli cha miti pembeni mwa barabara, kamera mkononi. Alipopita mbele yangu nilibonyeza mara moja. Picha ikatoka na ukungu: miti imetulia vizuri, yeye amekuwa mstari wa rangi. Kwa wiki kadhaa aliniuliza, "Mwalimu, picha yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu, na mbio zile hazirudiwi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nafundisha fizikia. Kanuni ya umbali ni sawa na kasi mara muda nilikuwa nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku niliyoihitaji, ilibaki daftarini.

Hebu tuitumie sasa. Shata ya kamera ni kilango kinachofunguka kwa muda mfupi ili mwanga uingie. Kamera yangu, kwa sababu ya kivuli, iliacha shata wazi kwa 1/30 ya sekunde. Tuseme binti yule alikuwa anakimbia mita 3 kwa sekunde. Zidisha: 3 × 1/30 ni mita 0.1, yaani sentimita 10. Uso wake ulisogea sentimita 10 wakati picha inapigwa! Ningeweka 1/500, angesogea milimita 6 tu.

Sasa mchukue Kelvin Kiptum, Mkenya aliyekimbia kilomita 42.195 mjini Chicago mwaka 2023 kwa saa 2 na sekunde 35. Kasi yake ya wastani ni kama mita 5.8 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/30 angesogea zaidi ya sentimita 19. Kwa 1/1000, chini ya milimita 6. Ukijua kasi ya mkimbiaji, unajua shata unayohitaji kabla hajafika.

Bila shaka shata ya haraka hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo picha inaweza kuwa na giza. Wapo wapiga picha wanaochagua njia nyingine: wanaacha shata ya polepole, kisha wanaizungusha kamera kumfuata mkimbiaji kwa kasi ileile anayopita. Yeye anatoka vizuri, miti ndiyo inayovurugika. Kwa nini? Kwa sababu mwendo hupimwa kwa kulinganisha na kitu kingine. Hiyo nayo ipo kwenye silabasi yako.

Wengine watasema mtihani unataka majibu, si picha. Mimi siafiki. Aliyekariri kanuni hujibu swali alilowahi kuliona. Swali likivaa nguo nyingine, likizungumzia baiskeli badala ya gari, kalamu inakwama. Aliyewahi kuitumia kanuni hata mara moja nje ya darasa haogopi nguo za swali. Nakiri, mwalimu anayefundisha kanuni asiyoitumia anachangia tatizo hili.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja leo. Pima umbali kati ya nguzo mbili za umeme karibu na kwenu. Mwombe rafiki yako akimbie kati yake, nawe upime muda. Tafuta kasi yake, kisha kokotoa atasogea kiasi gani kwa 1/30 na kwa 1/500 ya sekunde. Ukimaliza, fungua ukurasa wa maswali.

Binti yule alikimbia tena mwaka uliofuata. Safari hii nilipiga hesabu kwanza, na picha anayo.