Nyiragongo, njaa, na kutafuta mwenye kosa

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni na lava ikatelemka kuelekea Goma. Watu kama 30 walikufa. Sisi wa Kindu tuko mbali, tulipata habari kwa simu. Hata hivyo, muda mfupi baadaye tulikaa katika ibada moja ya mjini mwetu tukasikia mhubiri akisema Goma imeadhibiwa kwa dhambi zake. Tuliitikia amina pamoja na wengine. Amina ile bado inatuuma, ndiyo sababu tunaandika.

Tufahamu kwanza mlima unafanya nini. Volkano ikilipuka kwa nguvu kubwa sana, hewa yake ya salfa hupanda kilomita 15, 20 au zaidi, juu ya mawingu. Huko hakuna mvua ya kuiosha. Inageuka kuwa matone madogo mno yanayorudisha mwanga wa jua, na dunia inapoa kwa mwaka mmoja au miwili. Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka Juni 1991, joto la dunia lilishuka kwa karibu nusu digrii. Mwili wetu hauwezi kusikia nusu digrii, lakini mvua na mashamba husikia.

Nyiragongo si ya namna hiyo. Lava yake ni nyepesi kama uji, hutiririka zaidi kuliko kulipuka, na moshi wake haufiki juu sana. Mvua huurudisha chini karibu na mlima. Kwa hiyo mashamba ya jirani huungua kwa asidi, na maji ya mvua wanayoteka watu hubeba floridi inayoharibu meno ya watoto. Anayesema kwamba Nyiragongo iliharibu mvua za Maniema anakosea.

Basi mbona tuzungumze habari za mbali? Kwa sababu ya Misri. Juni 1783 volkano ya Laki, kule Iceland, ilianza kumwaga salfa na iliendelea kwa miezi 8. Mvua za Ethiopia zilipungua, mto Nile haukupanda kama desturi, na njaa kali ikaingia. Mkulima wa Misri aliyezika watoto wake hakujua kwamba kuna mlima unaowaka huko kaskazini. Aliona tu mto umegoma.

Mtu asiyeona chanzo hutafuta mwenye kosa. Februari 1600 volkano ya Huaynaputina ililipuka Peru, na mwaka uliofuata baridi iliua mavuno ya Urusi. Njaa ilidumu mpaka 1603. Mfalme Boris Godunov alifungua ghala na kugawa fedha Moscow, lakini watu walikwisha kuamua kwamba Mungu anawapiga kwa sababu ya mfalme asiye halali. Alikufa 1605, mwanawe akauawa mwaka huohuo, na nchi ikazama katika vita vya miaka. Katika Ulaya ya nyakati zile, nchi za Waprotestanti nazo zikiwemo, mashitaka ya uchawi yaliongezeka miaka ya baridi na mavuno mabaya. Tusiipite haraka sentensi hiyo, maana ni wazee wetu wa imani.

Kwetu pia mchezo huo tunaujua. Mpunga ukikauka, mtoto yatima anaitwa ndoki. Mwanamke mzee anafukuzwa nyumbani, na mara nyingine ni mchungaji aliyemtaja. Yesu aliulizwa habari za watu waliokufa vibaya, naye akakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: alikataa kabisa kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Na Agabo alipotabiri njaa, katika Matendo sura ya 11, waumini wa Antiokia hawakuuliza ni nani aliyeileta. Walichanga, kila mtu kadiri ya uwezo wake, wakatuma Yudea.

Sasa tutazame Goma ya leo. Mwaka 2021, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi aliamuru kata 10 zihame, na karibu watu 400,000 waliondoka, wengi wakielekea Sake, wengine Rwanda na Bukavu. Tangu mwisho wa Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23, na Bukavu ilifuata Februari. Sake imepiganiwa mara nyingi. Mlima ukipasuka tena, ni nani atatoa amri ya kuhama, na watu watamwamini? Lava haiulizi mji ni wa nani. Kwa maoni yetu swali hilo ni zito kuliko mahubiri yote ya adhabu, na mapatano yoyote ya amani yasiyoligusa yana pengo.

Kindu hatuwezi kulijibu. Tunaweza kupokea watu. Msimu uliopita mashemasi wetu waliomba kila familia inayolima mpunga ilete kopo moja kwa ajili ya wageni watakaokimbilia kwetu. Panya walikula karibu nusu, tukaaibika. Sasa tumenunua mapipa manne ya plastiki yenye vifuniko. Mawili yako ng'ambo, Alunguli, kwa sababu Lualaba ikijaa mitumbwi inashindwa kuvuka.