Usawa na Mpangilio: Istilahi Mbili, si Moja

Neno "ulinganishi" laweza kubeba dhana mbili: kuuliza iwapo vitu viwili ni sawa, na kuuliza kipi kinatangulia kingine. Wanaofundisha lugha za programu kwa Kiswahili hawana budi kuzitenga.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, latoa mfano wa wazi. Mtu akiuliza iwapo fungu la nyanya na kilo ya mchele ni kitu kimoja, jibu ni hapana. Akiuliza kipi kimezidi, muuzaji atataka kujua kwanza: kwa bei au kwa uzito? Swali la pili halina maana mpaka kipimo kitajwe.

Lugha ya Python imefuata mantiki hiyo tangu toleo lake la 3 lilipotoka mwaka 2008. Ikiulizwa kama namba 10 ni sawa na maandishi "10", hujibu kuwa si sawa. Ikiulizwa ipi ni ndogo, hukataa na kutangaza kosa. Toleo la 2, ambalo matunzo yake yalikoma mwaka 2020, lilihesabu kila namba kuwa ndogo kuliko maandishi yoyote. Jibu lilipatikana, lakini halikuwa na maana.

Katika orodha, kosa hili huweza kujificha. Orodha mbili hulinganishwa kipengele kwa kipengele, kama kamusi inavyopanga maneno herufi kwa herufi. Tofauti ya kwanza huamua, na vinavyofuata havitazamwi. Maduka ya Kariakoo yakipangwa kwa mtaa kisha kwa namba, duka la Mtaa wa Aggrey, namba 10, litatangulia la Mtaa wa Congo, "9" ya maandishi, bila tatizo, kwa kuwa jina la mtaa limekwisha kuamua. Kosa litazuka pale maduka mawili ya Mtaa wa Congo yatakapokutana, moja lina namba, jingine maandishi. Kuzigeuza namba zote kuwa maandishi si dawa: hapo "10" hutangulia "9", maana tarakimu 1 hutangulia 9.

Mwanafunzi aliyepewa istilahi moja hataelewa kwa nini swali moja lajibiwa na jingine lakataliwa. Inafaa, basi, "usawa" na "mpangilio" zitumike kila moja mahali pake. Huenda ikadaiwa kuwa wingi wa istilahi humlemea mwanafunzi. Dai hilo halina mashiko: msemaji wa Kiswahili hutenga "sawa na" na "kuliko" kila siku, wala halemewi.