Ruwenzori: gesi ikigoma kwa baridi, asilaumiwe mpishi

Kwenye mlima Ruwenzori, ambao kilele chake Margherita kinafikia mita 5109 kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, maji huganda usiku. Jiko la gesi nalo hugoma, na lawama zote humwangukia mpishi wa msafara. Mara nyingi kosa ni la aliyenunua chupa.

Chupa nyingi zina mchanganyiko wa butani na propani. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0. Propani huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Basi propani hutangulia kuisha, chupa inabaki nzito na moto hakuna. Kuifunika blanketi wakati wa kupika hakusaidii, maana blanketi halina joto lake. Kuisimamisha ndani ya maji ya vuguvugu kunasaidia.

Kuiweka juu ya makala ni kutega bomu. Kuingiza jiko ndani ya hema lililofungwa nako kunaua: kaboni monoksidi haina harufu.

Anayelipisha wageni kupanda mlima anunue mchanganyiko wenye propani nyingi, tena kabla mpishi hajabeba mzigo.